Siku Niliyomwita Bamvua

Aibu hii niliifukia miaka mingi, lakini mke wangu huifukua kila tukipata wageni, kwa hiyo naona heri niisimulie mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi, na mie nataka ibaki na chumvi yake ya asili, ambayo ilikuwa nyingi na niliimeza yote.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu kule Uganda, nafundisha shule moja huku Temeke, mtu wa Iringa niliyeiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nanyoa ndevu. Nilikuwa nimemposa Eliza, mwuguzi, naye wa kwetu, na mama yake akashuka kwa basi kuja kuniangalia. Baba yake Eliza alikuwa amekwisha fariki, hivyo neno la mwisho lilikuwa la mama: akikubali, nimeoa, akikataa, basi.

Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata mkono hawapeani, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. (Sebule yangu haikuwa na majani. Siku waliyokuja kunitembelea, mama alitazama ukuta mchana kutwa, nami nikatazama dari.) Ndipo nikapata wazo. Mkuu wetu wa shule, Mwingereza, kila Jumapili alikwenda kisiwani kutembea kwa miguu, anakizunguka, anatazama mandhari, anakula mkate wake, anarudi mwekundu kama pilipili na furaha tele. Nikasema mie nami ni msomi, nitawapeleka. Kisiwani nafasi ipo, mtu na mkwe wake wanaweza kuwa mbalimbali bila kuhesabu boriti.

"Tunakwenda kumwona nani?" mama akamwuliza Eliza, maana mie hakunisemesha.

"Hatumwoni mtu, mama. Tunatembea tu."

"Mpaka wapi?"

"Tunazunguka, halafu tunarudi palepale tulipoanzia."

Mama akafikiri. "Haya. Labda ndivyo wanavyofundishwa huko Uganda."

Basi tukavuka kwa pantoni hadi Kigamboni, tukatembea pwanipwani mpaka mkabala wa kisiwa kimoja kidogo (jina nalificha, wenyeji wake bado wazima na wana kumbukumbu nzuri), ambacho maji yakitoka unakifikia kwa miguu juu ya mchanga mkavu. Nilivaa kaptula niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, soksi za kufika magotini, na kofia ya jua kama ya bwana shauri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Njiani kwenye mchanga tukamkuta Bi Tatu, mwanamke wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, anachokoa pweza miambani kwa kijiti.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwenda kisiwani? Msikawie. Leo bamvua ati!"

Hapo, wenzangu, ndipo palipokuwa na njia panda ya maisha yangu. Neno lile sikulijua. Ningeuliza tu, "Bamvua ndiyo nini?" na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Eliza ananitazama, mama anatazama kofia yangu, na wiki nzima nimejisifu kwamba pwani naijua kama kiganja changu. Nikatikisa kichwa kisomi.

"Najua, bibi. Tutamngoja."

Bi Tatu akacheka mpaka pweza akamponyoka. "Umngoje! Haya, mngoje!"

Tulipokwenda hatua chache Eliza akaninong'oneza, "Bamvua ni nani?"

"Mwenye mtumbwi," nikajibu, bila hata kupepesa macho. "Anatuvusha tukichelewa."

Na kwa kuwa tulikuwa na Bamvua wetu, hatukuwa na haraka. Lo, tulitembea! Tulipanda mawe ya upande wa pili, tukaona bahari isiyo na mwisho wala ng'ambo, na mama aliyekuwa hacheki akaanza kucheka na kaa, anawafukuza, nao wanamfukuza, akasema kule Iringa akisimulia watamwita mwongo. Tulikula viazi na mayai kivulini. Nilisikia kwa masikio yangu akimwambia Eliza, "Kijana mwenyewe si mbaya." Nikaona harusi hii hapa.

Saa nane tukarudi tulikoanzia, na mchanga haupo. Palipokuwa na njia, sasa kuna mkondo, upana wake kama uwanja wa mpira, maji yanakwenda mbio kama yana miadi. Ng'ambo kundi la watu limeketi na ndoo za pweza, Bi Tatu katikati.

"Yuko wapi mtu wako?" Eliza akauliza.

Nikasogea ukingoni, nikaweka mikono mdomoni. "Bamvua! Ewe Bamvua! Tupo huku!"

Ng'ambo kikalipuka kicheko.

"Bamvuaaa! Njoo na mtumbwi!"

Watu wakaanza kulala chini mmoja mmoja. Mama, kwa kuona mkwe anataabika, akanisaidia, tena kwa adabu: "Baba Bamvua! Njoo, mwanangu, tumechoka!"

Bi Tatu akasimama akishika mbavu. "Ewe mwenye kofia! Bamvua ndiyo hayo maji! Maji makuu ya mwezi mpevu! Umeyaita, yanakuja!"

Eliza akanigeukia polepole. Sikupata kuona jicho kama lile, hata kwa mkaguzi wa shule.

"Vukeni sasa!" Bi Tatu akapiga kelele. "Bado ya kifua! Mkingoja yatawafunika! Mama mfupi huyo, mbebe!"

"Hanibebi!" mama akapiga kelele.

"Simbebi!" nami nikapiga kelele.

"Basi mzikwe huko na heshima zenu!"

Maji yakalamba viatu vya mama. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ashuke basi, akafumba macho, akapanda mgongoni. Eliza akatangulia, viatu kichwani. Nikaingia. Magoti, kiuno, tumbo. Mama kanishika masikio yote mawili kama usukani, anasali Kihehe, kofia ikaenda zake, ng'ambo wananishangilia kwa jina jipya, "Bamvua! Bamvua!" Katikati nikakanyaga shimo tukazama wote wawili, tukaibuka, mama kashika sikio moja tu, lakini kalishika kwa nguvu za mawili.

Tulipofika mchangani Bi Tatu akamfunika mama kanga. Mama akaketi, anakamua nguo zake. Mie nikasimama mbali, nikitafuta majani ya kuingia. Hatimaye akamwita Eliza, akasema kwa sauti nisikie:

"Mwambie nimekubali."

"Mama! Kweli?"

"Nitafanyaje? Nimebebwa mgongoni mbele za watu. Nikimkataa, nitakuwa nimebebwa na mwanamume wa barabarani. Heri awe mkwe."

Ndivyo nilivyooa: kwa kukosekana njia nyingine ya kumsitiri mama.

Tokea siku ile niliapa kwamba neno nisilolijua nitaliuliza hapohapo, mbele ya yeyote. Na nauliza. Juzi kinyozi alinitaja kwa mwenzake kwa neno geni, nikamwuliza maana yake mbele ya wateja wote, naye akanieleza tusi lile, taratibu, na mifano. Nilitoka nimenyolewa upande mmoja.