Kiwanda cha Pamba Kisichoungua

Kiwanda cha pamba cha mji wetu wa Kindu kilinuka grisi ya zamani, kinyesi cha popo na matofali yaliyolowa unyevu wa mto Lualaba. Mashine zake zilinyamaza kabla sijazaliwa. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa miongoni mwa waashi waliokijenga. Kiwanda kilichotangulia kilikuwa cha mbao; vumbi la pamba lilishika moto, watu wakafia ndani. Ndipo kikajengwa hiki bila ubao hata mmoja: nguzo za chuma, na juu yake dari ya matofali iliyopinda kama mgongo wa mtu aliyeinama.

Wakati wa vita, nikiwa msichana wa shule ya msingi, nyumba za nyasi za mtaa wetu wa Mikelenge zilianza kuchomwa. Tukakimbilia kiwandani pamoja na majirani. Tulifika tumechoka, watoto wanalia, lakini babu hakuturuhusu kuketi.

"Mufagie kwanza," alisema. "Ukuta hauungui, lakini hii pamba ya zamani itaungua."

Mama alikasirika. "Baba, watu wanakufa, weye uko unawaza mufagio?"

Tulifagia huku tukinung'unika, tukatupa nje mabonge meusi ya pamba. Jioni, vibanda vilivyoegemea ukuta kwa nje vikawaka. Moshi ulitukaba koo. Cheche ziliingia madirishani, zikaangukia sakafu tupu, zikazimika. Asubuhi tulitoka sote tukiwa hai, nyuso zimejaa masizi.

Amani iliporudi, wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu. Vijana wa mtaa, wengine wao tuliojificha nao mle ndani, wakaanza kuzikata nguzo. Babu alisimama mbele yao.

"Muzee, vita imeisha," mmoja alimwambia kwa upole. "Hii chuma iko ya nini tena?"

Upole ule ulimuudhi kuliko tusi. Walimzunguka wakaendelea kukata, na dari ikaporomoka siku ileile; kwa bahati hakukuwa na mtu chini yake. Babu hakupita tena njia ile mpaka alipofariki.

Leo pale pamejaa vibanda vya mbao. Viliwahi kuungua, vikajengwa upya kwa mbao tena. Nimekwenda komini, kwenye ofisi ya serikali ya hapa, tena na tena kuomba pajengwe jengo la matofali, na kila mara naambiwa nisubiri. Utotoni nilikuwa na hofu kubwa, lakini nilijua pa kukimbilia. Juzi, tukila, binti yangu aliniuliza vita ikirudi tutakwenda wapi. Nilimwambia amalize ugali wake. Sauti ilinitoka kwa ukali, na mtoto hakuwa amekosa lolote.