Akiba ya Panya Buku

Nimerudi Izimbya mwaka huu kuliwekea vigae kaburi la mdogo wangu. Ni vigae vizuri, vya kutoka mjini Bukoba. Pale kijijini hakuna kaburi linalong'aa kama hilo. Fundi alipoanza kusawazisha udongo akaita, "Diploma, njoo uone!" Hivyo ndivyo wanavyoniita siku hizi. Chini ya mgomba kulikuwa na shimo la panya buku.

Wanyama hao nawajua, rafiki yangu. Nina diploma ya afya ya wanyama, na kule Morogoro nimewafundisha kunusa mabomu ya ardhini, nikiwatuza ndizi iliyopondwa. Lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa bibi. Alinionyesha kwamba panya buku akipata chakula hujaza mashavu mpaka kichwa kinavimba kama ngumi, kisha hupeleka akiba shimoni. Miezi ya njaa, bibi aliifuata akiba hiyo. Tulifukiza shimo kwa majani makavu ya migomba, mimi nikikohoa, mdogo wangu akinicheka, halafu tukachimba.

"Tunachukua chetu," bibi alizoea kusema. "Si ndiye aliyetuibia?"

Mwaka mmoja tulichimba shimo la mpakani mwa shamba letu na la jirani, kwa jembe la kuazima kwake. Panya tulimkuta amekufa juu ya rundo la maharage.

"Moshi umemuwahi," bibi akasema, akafurahi.

Aliyaosha, akayapika na ndizi. Harufu ile ninayo mpaka leo. Mimi nilitumwa kurudisha jembe, na jirani akanishika mkono: "Waitu, mwenzetu, huondoki bila kula." Akanipa senene, wale panzi wa kukaanga. Nikawa natafuna huku nikimsimulia tulivyochimba. Akasimama ghafla. Alikuwa ametega maharage yenye dawa ya panya shambani kwake, akidhani panya watakula na kufia palepale.

Alinitangulia mbio hadi kwetu, akipiga kelele, lakini walikuwa wameshakula. Bibi alipona. Mdogo wangu hakuamka.

Jirani bado yu hai, mgongo umepinda. Jana alikuja, akavipapasa vigae kwa muda mrefu.

"Hao panya wako wa Morogoro," akauliza, "wangeinusa ile dawa?"

"Wangeinusa, mzee. Ningewafundisha."

"Ulichelewa kusoma."

Fundi akauliza kama alizibe shimo. Siku hizi hakuna anayechimba akiba hizo. Watoto hawajui hata kwamba zipo. Nikamwambia alizibe. Jirani akainama, akaanza kumsogezea mchanga kwa mikono.