Kipyegon na Kombe la Mkuu wa Chuo

Kipyegon alipofika chuo chetu cha ualimu mwaka 1995, alikuwa hajawahi kugusa mpira wa raga. Kwao Boito alizoea kupandisha mlima magunia ya majani mabichi ya chai hadi kituo cha kupimia, na mabega yake yalisema hivyo. Mwalimu wa michezo alimtazama mara moja tu, akampa jezi namba saba.

Hiyo ni jezi ya flanka, na kazi ya flanka ni kumwangusha mwenye mpira kabla hajapata kasi. Kipyegon aliwalaza watu matopeni kama mahindi yaliyokatwa kwa panga. Wanafunzi walilowa mvua ya alasiri kando ya uwanja wakipiga kelele, "Mlaze! Mlaze huyo!"

Mkuu wa chuo, Bwana Jonah, hakujua hata sheria moja ya mchezo. Lakini kila kombe lilipoingia ofisini mwake alipigwa picha akilikumbatia, tumbo mbele, utadhani ndiye aliyetokwa damu puani. Maktaba ilivuja, vitabu vikaota ukungu. Yeye akaagiza kabati la vioo la makombe. Halafu akabandika picha ya Kipyegon getini, kubwa kama mlango.

Aliyevaa jezi namba saba kabla ya Kipyegon, Omwenga, alivunjika goti katika fainali, akakosa mazoezi ya kufundisha, akaenda kwao bila cheti. Bwana Jonah alimtumia salamu. Salamu!

Mwaka wa mwisho wa Kipyegon, fainali iliangukia siku ambayo mkaguzi wa wizara angekuja kumwona akifundisha. Asiyeonekana darasani hapati cheti, na mama yake, Chelimo, alikuwa amechuma chai kwa miaka akikingoja cheti hicho.

Bwana Jonah akamwita ofisini. Nilikuwa katibu wa wanafunzi, nikaitwa pia.

"Kijana, usiwe na wasiwasi," alisema. "Mwenzako Kebaso atafundisha kwa jina lako. Mkaguzi hakujui."

"Uso wangu umeubandika getini, mkuu," Kipyegon alijibu. "Hata ng'ombe wa chuo wananijua."

"Picha tutaibandua!"

"Na cheti kikija, Kebaso ataendelea kufundisha kwa jina langu?"

Mtu aliyesomea ualimu, mkuu wa walimu wote wale, alikuwa tayari kumdanganya mkaguzi kwa ajili ya kikombe cha bati! Akagonga meza. "Wewe ni mali ya chuo hiki!"

Siku ya fainali Kipyegon aliingia darasa la nne la shule ya jirani na chaki mkononi, akafundisha hesabu za sehemu mbele ya mkaguzi kwa chapati aliyoikata vipande. Tulifungwa vibaya. Jioni, katika ukumbi wa chakula, mashabiki walewale walisimama kwa dhihaka. "Habari ya jioni, mwalimuuu!" Mmoja akamtemea mate karibu na sahani.

"Nzuri. Kaeni chini," alisema, akaendelea kula githeri yake ya mahindi na maharagwe.

Kesho yake alifukuzwa kwenye timu. Hakuna aliyewahi kumpita uwanjani, na hakucheza tena.

Cheti kilipofika, Bwana Jonah alimsukumia mezani akitazama dirishani. Kipyegon akakichukua kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mkuu," kisha akateremka stendi kutafuta gari la Boito.