Chai Itangoja

Mtu wa kwanza kuombewa kwa sababu ya ulevi wangu alikuwa mume wangu. Nilikwenda kwa pasta wetu hapa Rongo nikamwambia, kwa sauti ya kutosha, kwamba pombe imenishinda. Akanishika mkono, akafumba macho, akamsihi Mungu amwondolee mzee wangu pepo wa ulevi. Mzee wangu huyo hata soda huizimua kwa maji. Niliitikia amina huku nimeuma meno, nikarudi sokoni.

Sokoni nauza mitumba, na siku hizo kando ya robota langu hapakukosa thamosi. Wenzangu walidhani ni chai. Ilikuwa chang'aa. Niliimimina kwenye kikombe cha bati na hata kuipuliza, eti ni moto. Mwanamume mlevi watu humjua kwa kulala mtaroni. Mimi nilikuwa nimeketi wima nikiuza sweta. Aliyejua ni mume wangu, na alikuwa ameshatoa neno: nikinywa tena, watoto wanahamia kwa mama yake Uriri, nami nirudi kwetu. Hakupandisha sauti aliposema hivyo. Ndiyo maana nilimwamini.

Muuguzi wa zahanati naye aliniuliza mzee ameanza kunywa lini. Nilipomsahihisha alitazama mlango, akashusha sauti, akaniambia kuna watu wanaosaidiana kuacha pombe. Hukutana Homa Bay kila Jumapili mchana, katika darasa la chekechea. Nilifurahi kwamba ni mbali na soko langu.

Nilikuta wanaume peke yao, wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alinilaki vizuri.

"Karibu, mama. Mzee amekataa kuja?"

"Mzee hanywi. Mimi ndiye nakunywa."

Mvuvi mmoja alicheka, akidhani natania. Mwenyekiti alikohoa, akasema hapa kila mtu huongea kwa zamu, nami zamu yangu itafika. Kisha akanionyesha meza ya pembeni. Palikuwa na vikombe, na thamosi.

"Kwa sasa utusaidie na chai, mama. Sisi wanaume hiyo kazi hatuijui."

Kati ya vyombo vyote duniani, wakanikabidhi thamosi! Kila Jumapili mazungumzo yalizunguka kutoka kiti hadi kiti, na yalipokaribia changu, mtu alikumbuka kwamba koo limemkauka. Nikisha kumimina, zamu yangu imerukwa. Nilijua nani aliuza nyavu zake na nani alifukuzwa kazi. Wao walijua tu kwamba sukari yangu haizidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema, nami niliinama hadi kiuno kikauma. Niliwachukia, na nilirudi, kwa sababu wiki niliyowasikiliza ilikuwa nyepesi kuliko wiki niliyokaa peke yangu.

Kisha shangazi yangu akafariki, tukaenda kumzika karibu na Ogwedhi. Jikoni, katikati ya sufuria za matanga, mama mmoja wa ukoo alinisukumia kikombe cha chai. Harufu ya chang'aa ilinifikia kabla ya kikombe.

"Nyathina, mtoto wangu, kunywa kidogo upate nguvu. Umelia sana."

Nilikipokea. Nilikishika kwa muda, kidole kimekwisha kuingia kwenye mkono wa kikombe kama zamani. Halafu nikakiweka chini karibu na jiko, nikatoka, nikajificha nyuma ya choo, mahali pekee ambapo hakuna mtu angenifuata kunipa pole. Mate yalinijaa mdomoni. Niliogopa, kwa kuwa nilijua cha pili ningekimaliza.

Jumapili iliyofuata niliwahi kiti changu. Mwendesha boda boda aliyekuwa kabla yangu alimaliza, wakampigia makofi. Nikafungua mdomo.

"Mama," mwenyekiti alisema, "si utuletee chai kwanza?"

Niliinuka, nikaichukua thamosi, nikarudi kuketi nayo, nikaipakata.

"Chai itangoja. Hakuna mtu atakunywa kitu hapa kabla sijaongea." "Mimi ni mlevi. Nilikuwa nabeba chang'aa sokoni kwa thamosi kama hii. Juzi kwa matanga nimeshika kikombe, na nikinywa sina watoto. Nyinyi mmenifanya mpishi. Sikutoka Rongo kuja kuwa mpishi!"

Safari hii mvuvi hakucheka. Niliongea yote, tangu kikombe cha kwanza, na hakuna aliyethubutu kukumbuka koo lake.

"Tulikosea, mama," mwenyekiti alisema nilipomaliza.

Nikamwambia ndiyo, mlikosea. Sikumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Jumapili iliyopita mwanamke alisimama mlangoni, kitambaa kichwani, mkoba kaukumbatia. Mwenyekiti alianza, "Karibu, mama, mzee..." Akanitazama. Akaenda mwenyewe kuosha vikombe.

"Nimekuja kwa sababu ya mzee wangu," mwanamke akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mkobani kilichungulia kifuniko ninachokijua.

Nilimvutia kiti kando yangu.

"Mzee tumwache nyumbani," nilimwambia. "Hiyo thamosi nipe mimi."