Kasri la Baba Ukutani

Watu waliokuja kumtazama baba baada ya kiharusi walikuwa na tabia mbaya ya kumzungumzia kama marehemu. "Alikuwa mchapakazi sana," wanasema, na mwenyewe amekaa palepale sebuleni kwetu Mbugani, Kyela, anakunywa uji, anawasikiliza. Mkono wa kulia ulikuwa umelala na ulimi mzito, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Nilikuwa nakasirika. Wageni wawili niliwasindikiza mapema kuliko adabu inavyoruhusu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema mkono upewe kazi ndogondogo. Dada yangu aliyeko Dar akatuma pazo, zile picha zilizokatwa vipande uunganishe mwenyewe. Ilikuwa ya kasri la Ulaya lililozungukwa na theluji. Mama aliliangalia boksi akauliza mtu anaishije mahali pasipo na mgomba hata mmoja. Baba akaanza kusukuma vipande kwa mkono uleule mbovu, akitukana chini kwa chini, na ole wako ujifanye kumsaidia. Miezi ikapita tunakula mkekani kwa sababu meza imejaa theluji.

Alipomaliza alinionyesha ukuta unaotazamana na mlango. Alitaka mgeni akiingia akutane na kasri kabla hajafungua mdomo.

Sasa, lazima igundishwe. Madukani tulipata gundi ya fundi viatu tu, na ile inanuka mpaka kichwa kinagonga. Mama, ambaye barua zake zote za ujana alizifunga kwa punje za wali, akasema tusihangaike. Akachemsha mchele wetu wenyewe mpaka ukawa uji mzito. Tukaibana picha kati ya plaiwudi mbili, tukaigeuza huku tukigombana, tukaipaka uji mgongoni, tukairudishia plaiwudi na kuikandamiza kwa Biblia na vitabu vyote vya nyimbo. Sijawahi kuona vikitumika vizuri namna ile.

Ikashika, tukaitundika. Baba akaacha kulala mchana ili asubiri wageni. Wakiuliza nani kaitengeneza, anainua kidevu, na wao wanageuza viti kumwelekea. Wakaanza kumsalimia yeye badala ya kumpa mama pole.

Lakini mchele wa Kyela unanukia, na panya wa Kyela si wajinga. Asubuhi moja tulikuta nusu ya kasri imetafunwa na makombo yametapakaa sakafuni. Mama akalia. Mimi nikatukana panya na ukoo wao wote. Baba aliangalia tu lile tobo.

Mzee wa kanisa naye akachagua asubuhi hiyohiyo kuja. "Mugonile," akatusalimia, akatazama ukuta, akamgeukia mama. "Pole sana, mama. Ndiyo basi tena."

Baba akanyoosha mkono wa kulia. Ulitetemeka njia nzima. Mzee wa kanisa akaupokea taratibu, kama anashika yai, na baba akaubana. Akaendelea kuubana, macho kwa macho, mpaka mzee yule akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Ndaga, tata, ndaga," akasema, akimshukuru baba kwa lugha yetu. "Naomba mkono wangu."