Balozi wa Koboko

Mwaka ile watu ya Khartoum walisimama kumukataa mukubwa yao, binti yangu alikuwa kule, anapikia bibi ya balozi moja. Mimi nilikuwa hapa Koboko, karibu na mpaka ya Congo, na radio ya kaka yangu. Kaka ni mwanajeshi mzee. Radio yake anaichunga kama mke mdogo, mutu mwingine asiguse.

Mimi nilikuwa nangoja serikali ya nje iseme kama ile mukubwa ataanguka, ndiyo nijue kumwita binti. Sisi watu ya Koboko tunajua hii mambo. Zamani, mukubwa yetu alipoanguka, wageni wale walikuwa wanakula kwake walisema hawajui hata mlango ya nyumba yake. Sisi tukakimbia Congo na sufuria kichwani.

Mara ya kwanza muzungu moja alisema kwa radio, sauti tamu kama anabembeleza ng'ombe asipige teke: "Huyu ni rafiki yetu. Wananchi watulie." Nikapiga simu. "Mwanangu, kaa. Wanamupenda."

Wiki ikapita. Muzungu yule yule, sasa anaongea na pua kama padri iko na mafua: "Tuko na wasiwasi."

Nikauliza kaka hiyo wasiwasi iko kubwa namna gani. Akanyoosha mgongo kama iko mbele ya jenerali. "Dada, hiyo ni kidogo. Ni kama kuona mvua iko bado Congo."

Mimi mvua ya Congo naijua. Nikapiga: "Funga mzigo."

Kesho yake tajiri moja ya nchi ya mafuta akasema kwa radio, sauti nzito ya tumbo: "Yule ni ndugu. Tunamuletea ngano." Nikapiga: "Fungua mzigo."

Basi ikakuwa hivyo. Wasiwasi, funga. Ndugu, fungua. Wasiwasi sana, funga tena. Mpaka binti akachoka. "Mama, nguo yangu haijui kama inalala kwa sanduku ama kwa msumari. Wewe ni balozi ya nchi gani?"

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikakata simu.

Halafu simu yake haikupatikana. Nikipiga, kimya. Nikaacha kupika. Hata kaka nikaacha kumuchekesha, akaogopa, akanipa radio nishike mwenyewe.

Siku simu ililia, binti alikuwa tayari Juba. "Mama, bibi ya balozi amepandisha mbwa yake ndege. Mbwa ile anakula nyama kila siku, analala kitanda. Nikasema, kama hata mbwa anaondoka, mimi nangoja nini?"

Alifika na lori, amekonda, miguu imevimba. Nikamupikia muhogo na sombe, ile majani ya muhogo. Tukiwa tunakula, radio ikasema mukubwa ameanguka, na muzungu yetu akarudi na sauti ya harusi: "Sisi tulikuwa pamoja na wananchi tangu mwanzo."

"Hata mimi," nikaambia binti. "Si nilikuambia tangu mwanzo uje?"

Akanitazama, anatafuna pole pole. "Mama, ongeza sombe."