Miwani Ndani ya Boksi Ndani ya Boksi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Gundi alifunga mizigo kwenye ghala, na hakuna boksi lake lililowahi kufunguka njiani. Namba yake, kumi na nne, ilishonwa kwenye aproni, na kila alichofunga alikitia kikaratasi chenye namba hiyo.

Macho yalipoanza kumgomea, binti yake alimwagizia miwani ya kusomea. Ikaletwa kwenye boksi linalotosha jozi mbili za viatu. Mama Gundi akakata utepe, akakuta boksi jingine, na humo plastiki ngumu kama kwato. Akajaribu mkasi, akajaribu kisu, mwisho akatia meno.

"Hivi huyu aliyefunga ana akili timamu?" alifoka. "Miwani tu, utepe kaupitisha mara tatu! Hana mama mzazi huyu?"

"Nikusaidie, mama?" binti yake aliuliza, kicheko kikimbana.

"Niache! Leo ama zangu ama zake."

Plastiki ikapasuka kwa kishindo, miwani ikarukia chini ya kochi. Mama Gundi akaitoa, akaivaa, kisha akaokota kikaratasi kilichodondoka kutoka kwenye boksi, angalau ajue wa kumlaani. Akakisoma. Akakisoma tena. Akakikunja taratibu na kukisokomeza kwenye sidiria.

"Kimeandikwa nini?"

"Hakina maana," alisema, akifuta vioo vya miwani ambavyo havikuwa na vumbi. "Ila huyu mtu, tuseme ukweli, kazi anaijua."